Miti Ishirini na Sita Kwenye Kopo Moja

Nilipokuwa nafanya kazi ya jikoni kwenye nyumba ya wageni Mikumi, mgeni mmoja aliyekuja kuona tembo aliniachia kaktasi kwenye kopo. Kilikuwa kidude kidogo cha miiba, mviringo kama kitumbua, na pembeni kimezaa vitoto vilivyobanana hadi kopo likajaa. Aliniambia asili yake ni miteremko ya milima huko mbali, na hakitaki maji mengi. Nilikipenda palepale. Mimi nami ni mtu wa milimani.

Niliporudi kwa mama, kwenye milima ya Kilosa, nikakiweka dirishani. Mama alikitazama akauliza kama kinaliwa. Hakiliwi. Kinatibu nini? Hakitibu kitu.

"Basi kina bahati," akasema, akaendelea kuchambua maharage.

Mama alikuwa na lake la kumnyima raha. Kilima nyuma ya nyumba kilikuwa kimenyolewa kwa ajili ya mkaa mpaka kikabaki udongo mtupu, na kila masika tope lilizidi kulisogelea jiko lake la nje. Ilipotangazwa kwamba kijiji kitagawiwa miche ya kushika udongo, yeye alikuwa wa kwanza kuomba. Tukaambiwa tusubiri, kwanza mtendaji wa kijiji apite kila kaya kuhesabu miti iliyopo.

Akaja, kijana mwenye faili pana kuliko kifua chake, akampa mama shikamoo safi. Uani palikuwa na kisiki cha mpera tu. Hapo ndipo shetani wa utani aliponipanda.

"Miti yetu iko ndani," nikasema, nikamletea kopo.

Nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Ni mti gani huu?"

"Asili yake milimani."

"Safi sana!" Akainama, akaanza kuhesabu vitoto kwa ncha ya kalamu, kimoja kimoja, na mwiba ulipomchoma akaanza upya. Akaandika: miti ishirini na sita, ya mlimani, hali nzuri. Ripoti ilitakiwa wilayani siku ileile, na kijiji chetu kilikuwa na upungufu wa miti. Nilipaswa kumzuia. Badala yake nilikimbilia jikoni, nikajiziba mdomo kwa kanga ya mama, nikacheka mpaka machozi.

Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Miche ilipofika, mama alikwenda na tenga akarudi nalo tupu. Kwenye ripoti, kaya yetu ilikuwa imevuka lengo la miti kwa kila kaya. Miche wakapewa wenye upungufu, akiwemo jirani anayeishi kwenye tambarare, ambaye aliipanda kuzunguka choo chake. Nilikwenda ofisini kueleza ukweli. Mtendaji alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akanifahamisha kwamba takwimu zikishapanda wilayani hazishuki. Udongo, kwa upande wake, hausubiri barua.

Masika ile kilima kiliporomoka mchana, mama akiwa kanisani, namshukuru Mungu. Kilizoa jiko, mafiga, sufuria zote na kuku wawili waliokuwa wameatamia. Mama alisimama kwenye tope hadi magotini, hakulia. Nililia mimi, ambaye sikuwa na haki hiyo.

Kesho yake mtendaji akaja na faili kuandika hasara. Alimwamkia mama, akampa pole ndefu, akauliza vifaa vya jikoni, akauliza kuku. Mwisho akauliza kama kuna mti wowote uliopotea.

"Hakuna," mama akasema. Ilikuwa kweli tupu.

Uso wa kijana ukang'aa. Akaandika kwamba miti yote ishirini na sita imehimili maporomoko, akatupongeza kwa kuwa mfano kwa kaya nyingine. Mama akasema asante, maana ndivyo alivyolelewa. Kisha akanipa jembe bila kunitazama usoni.