Kamera Isiyo na Mlio

Nerima alikuwa mpiga picha wa harusi na mazishi mjini Nakuru, na kwa miaka mingi bega lake la kulia lilikuwa chini kuliko la kushoto kwa uzito wa kamera. Watu wakiiona ile kamera yake kubwa nyeusi walikuwa wanakauka, wanasimama kama wameitwa na polisi. Kwa hivyo siku alipoona dukani ile ndogo ya rangi ya fedha, iliyovikwa ngozi nyeusi, yenye vidude vya kuzungusha juu kama kamera za zamani, aliipenda kabla hajaishika. Ilifanana na ile iliyowapiga wazazi wake picha kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, ila ndani ilikuwa ya kisasa.

Iliingia kwenye mfuko wa koti. Rangi zake zilitoka laini, ngozi ya mtu ikabaki ngozi. Na ukitaka, haikutoa mlio wowote. Angeweza kumpiga mjane picha akilia na mjane asijue.

Ubaya wake pia aliujua. Betri iliisha upesi, hasa kwenye baridi. Haikuwa na pahali pazuri pa kushika. Penye giza ilitafutatafuta pa kulenga, mwishowe ikashika kitu kilicho nyuma ya mtu. Na haikutaka maji. Nerima aliyabeba hayo yote kama mtu anavyobeba tabia za mume: anayajua, anayazunguka.

Mwezi wa nne alipigiwa simu na Gathogo, mkulima wa viazi huko Molo. Mkewe Njoki alikuwa na saratani ya koo, na madaktari walikuwa wamemrudisha nyumbani.

"Hatuna picha yetu sisi wote," Gathogo alisema. "Na yeye hataki kupigwa. Kuja tu ujaribu."

Nerima alipofika ndipo alipoelewa. Wakati wa kuchanga pesa za hospitali, mtu alikuwa amempiga Njoki picha kwa simu akiwa kitandani, mdomo wazi, mpira wa kulishia puani. Picha ikazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka ikamrudia mwenyewe. Tangu siku hiyo, mtu akiinua simu karibu naye, Njoki alijifunika leso usoni.

"Watu wameona ya kutosha," alimwambia Nerima, sauti ikikwaruza.

Nerima hakubishana. Aliweka kamera mezani kando ya kikombe cha uji. Njoki akaitazama.

"Hiyo ni ya zamani?"

"Ni sura tu, Mama Jackie. Ndani ni mpya."

"Inakaa kama ya yule mzee alikuwa anatupiga picha za Krismasi." Akaichukua, akaipima kwa mkono uliobaki mifupa. "Na ni nyepesi. Haya, piga nione."

Chumba kilikuwa na giza. Picha nyingi zilishika maua ya pazia yakaonekana wazi, uso wa Njoki ukawa ukungu. Moja tu ilitoka. Njoki amegeukia dirisha, mashavu yameingia ndani, lakini macho yana ukali wa mtu aliye hai. Nerima alimwonyesha.

"Huyu ndio mimi," Njoki alisema. "Kuja Jumapili. Jackie atakuwa ametoka shule ya boarding. Nataka nikae na watoto wangu. Nitavaa ile nguo ya kijani."

Jumapili ilinyesha tangu asubuhi. Boda boda ilikwama kwenye matope, Nerima akapanda kilima kwa miguu akiwa ameikumbatia kamera ndani ya koti. Koti lililowa hadi ndani. Alipofika, familia ilikuwa tayari barazani, kwa sababu Njoki alikataa kupigwa chumbani kama mgonjwa. Gathogo alikuwa amemshikilia kwa nyuma. Jackie, msichana wa kidato cha tatu, alikaa kulia kwa mamake, na Kang'ethe, wa miaka sita, aliegemea goti. Ilionekana wazi kwamba Njoki hataweza kukaa vile kwa muda mrefu.

Nerima alibonyeza. Kioo cha kamera kikaonyesha mistari, kikazima. Aligeuka kando kana kwamba anapangusa lenzi, akatoa betri, akatia nyingine. Kikawaka kidogo, kikazima tena. Mara ya tatu hakikuwaka kabisa.

Simu ilikuwa mfukoni. Mkono wake uliifuata, ukaigusa. Akamtazama Njoki, aliyekuwa amejikaza shingo akicheka kwa jambo alilosema Kang'ethe. Akaona akilini leso ikifunika uso ule. Tena aliona haya. Ameitwa kutoka Nakuru kwa sababu ya kamera, halafu atoe simu kama ya kila mtu? Akaiacha mfukoni.

Akainua kamera iliyokufa, akabonyeza. Akasogea kushoto, akapiga goti, akabonyeza tena.

"Mbona haisikiki?" Kang'ethe aliuliza.

"Hii haipigi kelele."

"Umepiga?" Njoki akauliza.

"Nimepiga."

"Zimetoka?"

"Zimetoka vizuri, Mama Jackie."

Njoki akafumba macho. "Asante. Sasa nirudisheni ndani."

Kesho yake Kipchoge, fundi wa kamera mjini, aliifungua akamwonyesha maji yalipofika. Kwenye kadi hakukuwa na picha hata moja ya Jumapili.

"Hii si ya mvua," fundi alisema.

"Najua."

Nerima aliazimia kurudi Molo na ile kamera yake kubwa, atafute uongo wa kusema. Jumanne asubuhi alimpigia Gathogo simu. Kabla hajafungua mdomo, Gathogo akamwambia kwamba Njoki alikuwa amewaacha alfajiri hiyo.

"Ni vizuri ulikuja," aliongeza. "Jana siku nzima aliongea tu juu ya hiyo picha."

Nerima alimpa pole tu, akakata simu. Alienda mwenyewe siku mbili kabla ya mazishi. Akina mama walikuwa nyuma ya nyumba wakimenya viazi. Alimwita Gathogo stoo, akamweleza yote. Gathogo akaketi juu ya gunia.

"Amekufa akijua picha iko," alisema. "Sitakugombeza. Lakini usiniombe nikuambie ni sawa."

Jackie alikuwa amesimama mlangoni na karai mkononi.

"Mimi niliona," alisema. "Ukigeuka kutoa betri niliona kioo ni cheusi."

"Na ukanyamaza?" babake akauliza.

"Mum alikuwa anacheka." Akamgeukia Nerima. "Nilikuwa nangojea utoe simu. Nilijua utatoa tu."

"Hakutaka simu, Jackie."

"Hakutaka wale watu. Wewe angekukubali. Hata hukumuuliza."

Siku ya mazishi Nerima hakupiga picha, Jackie alikuwa amemkataza. Alisimama nyuma, mikono mitupu, akaona ile picha moja ya dirishani ikipita mikononi mwa watu kwenye karatasi za ibada.

Mwezi wa nane Gathogo alimpigia. Nerima alikuwa studio, mteja akijipanga mbele ya pazia.

"Huyu mtoto haachi kuuliza," Gathogo alisema. "Nimemwambia picha iko Nakuru inaoshwa. Nimechoka. Mwambie wewe."

Simu ikabadilisha mkono.

"Auntie, ile picha yetu na mum iko wapi?"

"Haikutoka, Kang'ethe. Kamera iliharibika."

"Lakini ulisema zimetoka."

"Nilisema. Nilidanganya."



"Mum anajua?"

"Hapana," Nerima alisema. "Hakujua."

Gathogo akaichukua simu. "Haya," alisema, akakata. Nerima akabaki ameishika sikioni, mteja akimuuliza kama anaweza kukaa sasa.