Mapazia ya Mfalme

Kila Jumamosi, kwa miaka kumi na tisa, dereva waliyemwita Taratibu aliwapeleka watu kutembelea miji miwili iliyowahi kuwa makao makuu ya nchi, mmoja asubuhi, wa pili alasiri. Jina hilo hakulipata kwa upole wa moyo. Wenzake walidai siku moja alipitwa na mkokoteni.

Kampuni ilikuwa na sharti moja lisilo na mjadala: dereva habanduki kwenye basi. Wageni wakiteremka na mwongozaji wao, yeye hubaki kufuta vioo na kulinda mizigo. Basi mtu huyu aliyejua kila tuta la barabara ya kwenda kwenye jumba la mfalme, katika mji wa pili, hakuwahi kukanyaga hata kizingiti chake.

Taabu ni kwamba nyumbani alisema ameingia. Mwaka ule wa kwanza mkewe aliuliza, "Kukoje huko ndani?" na yeye akaona haya kusema hajui. Akajibu kuna ukumbi wa kumeza watu elfu. Mke akataka zaidi, akapewa zaidi: ngazi za marumaru, na mapazia mekundu ya mikunjo mitatu, yenye vishada vya dhahabu mpaka sakafuni. Sasa, mke mwenyewe alikuwa fundi cherehani. Aliyashona mapazia yale, akayatundika dukani na kuwaapia wateja kwamba ndiyo ya mfalme, mume wake kayaona kwa macho yake. Nusu ya madirisha ya mtaa ikavaa mikunjo mitatu.

Jumamosi hii kampuni ilimpa dereva nafasi moja ya bure kwa ajili ya mkewe. Mama huyo alikaa kiti cha mbele, futi ya kupimia ikiwa ndani ya mkoba.

"Nitapima mwenyewe," alisema. "Ule mkunjo wa tatu hunisumbua sana."

Mji wa kwanza ulikuwa kuta na kisima kikavu, na mkewe aliufurahia kama mtoto, lakini Taratibu muda wote aliuwazia ule wa pili. Hakuogopa kugombezwa, hayo alishayazoea. Aliogopa kwamba mkewe hatazima tena pasi Jumamosi jioni, avute kiti, aseme, "Haya, nipe habari." Saa ile ndiyo aliyoisubiri wiki nzima.

Walipofika mji wa pili, mwongozaji, binti mchangamfu, alimgeukia. "Mzee wangu, leo ingia na mama. Mlinzi wa geti atakuangalizia basi."

"Sharti la kampuni, binti."

"Kampuni iko wapi hapa? Twende!"

Kwenye mlango wa jumba Taratibu alimshika mkewe kiwiko. "Mama Mapacha, ngoja. Humu mimi sijawahi kuingia."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

Mkewe alimtazama kama anavyotazama kitambaa kilichokatwa vibaya. "Na mapazia?"

"Nilitunga."

Mkewe akaingia, na Taratibu akafuata nyuma. Ukumbi wenyewe ulikuwa mdogo kama darasa la chekechea. Madirisha yalikuwa vitundu tu, mto wa kulalia usingepita.

"Samahani, mwanangu," mama alimuuliza mwongozaji, "hapa hapakuwa na mapazia?"

"Hata moja, mama. Walikuwa wakiziba kwa mbao."

Mama akatazama vitundu, akamtazama mumewe, kisha kicheko kikamshika. Alicheka mpaka akakaa chini, na wageni nao wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini.

"Mfalme mzima!" alisema akifuta machozi. "Mfalme mzima, jamani, anaishi vibaya kuliko wateja wangu!"

Taratibu naye alicheka, lakini kwa woga, maana kicheko si jibu. Alirudi kwenye usukani hajui amesamehewa au la. Basi likatoka getini. Mkewe akasogea mbele.

"Baba Mapacha."

"Naam."

"Jioni tukifika, nakaa kama kawaida, unanisimulia."

"Nikusimulie nini tena, na wewe umeona mwenyewe?"

"Chumba cha malkia kilikuwa kimefungwa," mkewe alisema. "Na wateja wameanza kuulizia mashuka."

Taratibu hakungoja jioni. Alianza na foronya pale pale, kabla hawajaifikia barabara kuu.