Dokta Aliyepelekwa Mlango wa Nyuma

Shangazi yangu Fawziya alimfungulia mlango profesa wa chuo kikuu, akamwambia aende nyuma akaoshe vyombo.

Msicheke. Nilikuwepo.

Ilikuwa Ibra, huku Omani, mwaka jana, siku chache kabla ya Ramadhani. Shangazi ni mwenyekiti wa kamati ya wanawake ya mtaani kwao, na cheo hicho anakivaa kama mkufu. Kila harusi lazima asimame aseme mawili matatu juu ya heshima ya mwanamke.

Basi akapata habari kwamba mtafiti mkubwa kutoka Bangladesh, Dokta Nusrat, yuko Nizwa kwenye mkutano wa haki za wanawake na anataka kuonana na kamati. Akanipigia simu, hata shikamoo sikuimaliza.

"Shurooq, wewe Kiingereza unakijua. Njoo unitafsirie. Na uje na halwa ya huko."

Nikatoka Nizwa asubuhi na halwa yangu, nikapita Sinaw, nikafika.

Nyumba inanukia udi mpaka unakohoa. Wanakamati wamejaa sebuleni na dhahabu zao, wakiwemo Samah na Lamya, ndugu zake Shangazi wa tumbo moja. Bibi yangu, mama yao, yuko chumbani kwake. Miguu haimchukui tena na akili inakuja na kuondoka.

Mtu mmoja tu simwoni.

"Shangazi, Rohima yuko wapi?"

Rohima ndiye anayemtazama Bibi. Mbangladeshi. Anamwogesha, anamlisha, anamgeuza, na Kiswahili cha Unguja amekichota mdomoni mwa Bibi mpaka anakisema kunishinda mimi. Mkataba wake ulikwisha zamani. Mama yake huko kwao hawezi, yu taabani, anataka amwone kabla hajafa. Rohima kila akiomba ruhusa, jibu la Shangazi ni "mwezi ujao, inshaallah". Na pasipoti iko kabatini kwa Shangazi.

"N'memweka jiko la nje. Akitokeza pua yake leo, atan'jua. Dokta n'tamwambia mama n'namtazama mwenyewe."

"Mwenyewe?"

"Kwani si mama yangu?"

Nilitaka kucheka, nikaogopa.

Kengele ikalia. Shangazi akaenda mwenyewe kufungua, akarudi amekunja uso.

"Ile ofisi ya watumishi haina adabu! N'liwaambia wan'tafutie mtu wa pili, wananiletea leo, tena mlango wa wageni! Kijimama na kijimfuko chake. Hata mdomo hajafungua, n'mempeleka nyuma, n'kamwonyesha vyombo. Khalas."

Tukakaa. Kahawa ikapoa, ikachemshwa tena. Shangazi akaanza kuwasema watu wasiojua miadi.

"Hebu mpigie, labda teksi imempoteza."

Nikapiga.

Simu ikalia jiko la nje.

Wallahi mimi nilielewa palepale. Shangazi hakuelewa. Alitoka mbio anafoka kwamba mtumishi mpya kaiba simu ya dokta, na kamati nzima nyuma yake.

Tukamkuta mama mmoja mfupi, kavaa shalwari ya pamba na miwani, amekaa kwenye kigoda anamenya thomu na Rohima. Wanazungumza Kibengali. Rohima analia. Simu inalia juu ya ndoo.

"We! N'mekwambia vyombo!"

Yule mama akaichukua simu, akaipokea huku ananiangalia mimi, yangu iko sikioni.

"Naam, Dokta Nusrat hapa," akasema kwa Kiingereza.

Jamani. Nimeshakaa misibani na Shangazi, sijapata kumwona na uso ule.

"Ahlan, ahlan, dokta! Karibu! Shurooq, mwambie dokta, huyu Rohima kwetu si mtumishi. Kama mwanangu wa kumzaa!"

Nikatafsiri. Dokta akafuta mikono.

"Vizuri. Basi mwambie amruhusu mwanawe akamwone mama yake. Rohima ameshanieleza yote."

"Na mama yangu mimi atatazamwa na nani?"

Ilimtoka hiyo mbele ya kamati nzima. Yule yule aliyekuwa anamtazama mwenyewe!

Dokta akauliza kwa upole kabisa, "Bibi ana watoto wa kike wangapi?"

Nikatafsiri, sikupunguza neno.

Ndani Bibi akaita. "Rohima! Rohima we, n'na kiu!"

Rohima akanyanyuka. Dokta akamshika mkono, akamkalisha.

"Rohimaaa!"

Samah akaangalia kucha zake. Lamya akaangalia simu yake. Mabingwa wa heshima ya mwanamke wamejaa jikoni, na bikizee wa watu anaomba maji. Nikaenda kumpa mimi.

Niliporudi, Dokta alikuwa bado yuko kwenye kigoda. Alikuwa anasema hatoki pale mpaka pasipoti itoke, na wala hakupaza sauti. Shangazi akaitoa. Msidhani ni huruma. Aliona wanakamati wamemkodolea macho, na anajua Ibra habari zinavyokimbia.

Rohima akaondoka wiki ile ile. Alipomuaga Bibi, Bibi akamwambia, "Usichelewe, chakula kitapoa." Nililia.

Alimkuta mama yake yu hai, alhamdulillah.

Sasa sikilizeni. Waliletwa watumishi wengine, Bibi akawatemea uji. Samah akasema ana sukari, Lamya akasema ana mgongo. Basi Shangazi ndiye anayelala na Bibi, anamwogesha, anamgeuza. Ule uwongo aliomtayarishia dokta umekuwa kweli.

Na Bibi anamwita Rohima.

Mwanzo Shangazi alikuwa anakataa. "Mimi Fawziya, mama! Mwanao!" Bibi anamtazama tu kama mtu baki. Ijumaa iliyopita nilikwenda kuwaona. Bibi akaita, "Rohima!"

Shangazi akaweka chini kikombe chake.

"Naam Bibi, n'naja."

Kamati wanatafuta mwenyekiti mwengine, maana huyu hana wa kumwachia mgonjwa.

Funzo langu ni hili: mtu akikuhubiria haki za wanawake, usiharakishe kumpigia makofi. Kapige kengele kwake umevaa nguo ya pamba na mfuko begani, uone atakuelekeza mlango gani.