Msiba wa mjomba na pikipiki yangu

Jamani, leo mke wangu kaipita pikipiki yangu kwa miguu!

Hii ya kwangu ni cc 100, mafuta inanusa tu. Fundi akasema, "Mzee, oili imechoka, badilisha." Nikamwambia naendesha tangu hujazaliwa.

Basi asubuhi tunawahi mazishi ya mjomba wa mke wangu, kijijini Chinongwe. Mlimani ikatoa moshi, ikazima.

Mke wangu akashuka. "Baki na mke mwenzangu, mie nawahi kumuaga mjomba."

Nikaisukuma. Nafika, wameshazika. Mjomba, nisamehe.

Watani wa marehemu wakaniona. "Maiti ya pili hiyo!" Wakaninyang'anya pikipiki, wakaifunika khanga, mpaka sasa wanaililia. Hawaiachii mpaka nitoe hela ya oili na fundi.

Mimi nasema bado inapumua. Nyie, nibishe au nitoe?