Jibini Bila Moto

Wakwe zangu walitoka Ngenge kuja kwangu Kahororo kuamua kama mwanangu atabaki na mimi. Waliniambia kwa simu, wazi kabisa: mke wangu amefariki, mtoto wa kike ana miaka tisa, mwanaume peke yake hamuwezi. Nilichemka. Wamchukue kwani mimi nimekufa?

Sikupika. Nilinunua jibini wanayotengeneza masista upande wa Kashozi, biskuti za chumvi, nyanya na parachichi. Mtoto akakata jibini vipande vyembamba, mimi nikakata nyanya, tukapanga juu ya biskuti moja moja mpaka sinia likajaa. Lilipendeza, acheni tu. Nikasema moyoni, leo watakoma.

Walikuja wawili: mama mkwe na dada yake mkubwa, ambaye tangu nimjue sijaona mdomo wake ukipumzika. Wakaketi. Nikaleta sinia. Yule dada mtu akalitazama, kisha akanitazama mimi.

“Kahawa ya kutafuna iko wapi?”

Hapo nilikuwa nimeharibu. Kwetu mgeni hajavuta hata pumzi ameshapewa akamwani, zile punje za kahawa zilizokaushwa, azitafune huku anasalimiwa. Nilihangaika na jibini hadi nikasahau kitu ambacho hata mlevi hasahau.

“Nimesahau, mama. Karibuni hiki.”

“Hiki ndicho chakula? Matoke yako wapi? Nyumba haina hata moshi!”

“Gesi imeisha,” nikasema.

“Kwa hiyo mtoto anashindia biskuti?”

Basi nikalipuka. Nilimwambia kwenye msiba wa mke wangu hakuosha hata sufuria moja, alikaa tu kuangalia nani analia na nani halii. Nilimwambia mtoto si mbuzi, wa kufunguliwa kamba hapa akafungwe kule. Nilimwambia kama ni matoke, shamba analo, arudi akale. Sijutii hata neno moja, mpaka leo. Mama mkwe alikaa mikono mapajani, na sinia halijaguswa.

Mwanangu ndiye aliyeongea.

“Gesi ipo, Bibi. Ila baba hataki jiko la mama liguswe. Huwa tunakula mgahawani.”

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke. Ni kweli, sufuria ya mke wangu ilikuwa bado juu ya jiko, vilevile alivyoiacha asubuhi tuliyompeleka hospitali, na mlango wa jikoni nilikuwa nimeufunga. Hasira yote niliyokuwa nayo kwa yule dada mtu ikanigeukia mimi mwenyewe. Mwanaume mzima, nadanganya wakwe kuhusu mtungi wa gesi.

“Si mnasikia?” dada mtu akasema. “Kafungashe nguo zako, mjukuu wangu.”

Mtoto hakusogea. Alimtazama bibi yake mzaa mama, si mimi.

“Nikienda Ngenge, baba atakula na nani?”

Mama mkwe akanyoosha mkono, akachukua biskuti moja yenye jibini, akaitafuna taratibu mpaka ikaisha.

“Hafungashi,” akamwambia dada yake. Kisha akanigeukia mimi, macho mekundu, sauti kali kuliko nilivyowahi kuisikia.

“Na wewe! Mwanangu hakuzikwa jikoni. Inuka ukawashe.”