Watu wa Kilian

Ukiita watu kesho asubuhi waje kukusaidia shambani, atakuja nani? Usinitajie wafuasi wako wa mtandaoni, wala wale wanaokutumia vikopa vyekundu siku ya kuzaliwa kwako. Nauliza mtu mwenye jembe, anayetoka kwake umande haujakauka na kupiga hodi mlangoni pako. Mtaje kwa jina.

Kilian wa Matiri hakuwa na wa kumtaja. Na huyu ndiye mtu ambaye video zake za ngokela zilikuwa zimetazamwa na watu wengi kuliko wakazi wote wa Wilaya ya Mbinga.

Ngokela, kwa asiyetoka kwetu, ni kazi ya pamoja. Mwezi wa tatu, nyasi zikishafyekwa na kukauka, mwenye shamba huandaa chakula na togwa, huita majirani, na kipande kizima cha mlima huchimbwa ngolo, mashimo yetu ya mlimani, kwa siku moja. Wanaume hulaza nyasi katika mistari inayokatana, mpaka mteremko uonekane kama wavu uliotandazwa. Wanawake hufuata nyuma, huingia katikati ya kila tundu la wavu huo, huchimba udongo na kuzifunika nyasi. Juu ya udongo ule hupandwa maharage, na shimo linalobaki katikati hukamata maji ya mvua yasiuteremshe mlima. Ndiyo maana mtu mmoja hawezi. Mwanaume asiye na mke, mama wala dada wa karibu ataishia kuwa na nyasi zilizolala tu. Kesho yake ngokela inahamia kwa mwingine, na wewe uliyesaidiwa unaifuata. Usipoifuata hakuna atakayekugombeza. Zamu yako ikifika ndipo utakapojua.

Kilian ana miaka thelathini na kitu, mrefu, mpole, na ana tabia ya kucheka kabla hajamaliza kusema jambo la kuchekesha. Baba yake alifariki, mama akafuata. Dada yake wa pekee, Ephrasia, ameolewa Liuli, huko chini ziwani. Alibaki yeye, nyumba ya matofali ya kuchoma, mibuni michache, na shamba la ngolo lililo nyuma ya kilima, upande wa mtoni, ambako hapiti mtu asiye na shughuli nako. Vibarua? Vibarua wa Matiri ndio hao hao majirani.

Alianza kutengeneza video kwa akili mnemba kama wanavyoanza wengine: mbuzi anayehutubia, kuku anayedai talaka. Unaiandikia programu unachotaka, nayo inakutengenezea picha zinazotembea na kusema. Watu wakapita bila kutazama, maana siku hizi kila mtu ana mbuzi wake anayehutubia. Kisha, baada ya matanga ya mama yake kwisha na waombolezaji kutawanyika, jioni moja alilipiga picha shamba lake kutoka juu, pamoja na mto wake na mnara wa kanisa kwa mbali. Akaipa programu picha ile na kuiandikia: weka watu humu, wanalima, wanafurahi.

Wakaja. Walijaa mteremko mzima, wanaume kwa wanawake, wakilima na kuimba. Mzee mmoja mwenye koti la suti akateleza na kukaa chini puu, na mama wa kitenge chekundu akamwambia, "Babu, siku hizi maharage yanapandwa kwa makalio?" Maneno hayo aliyaandika Kilian mwenyewe, ndivyo mama yake alivyokuwa akiwatania watu. Siku chache baadaye simu yake haikupumzika. Waliandika watu wa Mwanza, wa Muscat, wa Dar es Salaam waliokwishayakimbia mashamba ya wazazi wao. "Kijiji gani hiki jamani?" "Nichukueni nije kulima nanyi." Mmoja alisema ameitazama ndani ya lifti akajikuta analia.

Akatengeneza nyingine, na nyingine. Video ya nusu dakika ilimla siku nzima. Mtandao wenye nguvu unapatikana kwenye jabali lililo juu ya kilima tu, na programu humwekea mtu vidole saba au humpa jembe linalopita hewani bila kugusa udongo. Anafuta, anaanza upya. Mwaka jana akakosa ngokela ya jirani mmoja, akatuma udhuru. Akakosa ya mwingine. Baadaye hata udhuru haukutumwa.

Wapo watakaosema ni mvivu. Nawakatalia. Chuoni tulihubiriwa kila wiki kwamba vijana tuchangamkie fursa za mtandaoni, na Kilian alizichangamkia kuliko wengi wetu tuliokuwa tukipiga makofi ukumbini. Ninachokasirikia ni kitu kingine. Wenye programu hizo wako mbali sana na Matiri, lakini wamegundua kwamba mtu mpweke hatoki kwenye kioo cha simu. Wanachukua kiu yetu ya kuwa na watu, wanaichuja, kisha wanatuuzia sisi wenyewe. Na kadiri unavyoinywa, koo linazidi kukauka.

Mimi nafundisha kwa kujitolea katika sekondari ya kata, na nyumba yetu haiko mbali na kwake. Siku moja tulikuwa barazani kwake tukipukuchua mahindi, Ephrasia akapiga simu. Kilian aliifungua sauti ili mikono yake iendelee na kazi.

"Kaka, huku Liuli wavuvi wote wanakujua. Wakishaanua dagaa wao, wanakutazama wewe. Hebu niambie, yule wa kitenge chekundu ndiye wifi yangu?"

"Hayupo."

"Kasafiri?"

"Hayupo, Ephrasia. Hajazaliwa."

"Hajazaliwa, na anazidi kunenepa kila video!" Tukacheka wote watatu. Kisha akauliza, "Unakula na nani siku hizi?"

"Leo niko na mwalimu."

"Na jana?"

Kilian akachukua hindi jingine. "Mtandao unakatika," akasema. Haukuwa unakatika.

"Nisikilize basi kabla haujakatika. Shamba la baba lina miaka miwili halijachimbwa ngolo. Likikaa huu wa tatu, mvua italibeba lote mpaka mtoni, na udongo ule ndio kitu pekee walichotuachia wazazi. Itisha ngokela. Nakutumia samaki mbasa wakavu kwa gari la Mbinga, uwape watu wale kitu cha ziwani."

Kilian alitii. Alifyeka nyasi mwenyewe, na zilipokauka akapita nyumba kwa nyumba akiita watu kwa siku ya Alhamisi. Kila alikofika alijibiwa neno moja: "Tumesikia." Akarudi amechangamka. Mimi pia nililisikia neno lile kama ahadi.

Alhamisi niliomba ruhusa shuleni, nikafika kwake mapema. Alikuwa tayari amechemsha mbasa na kuweka togwa kwenye ndoo mbili, na vikombe alikuwa ameazima parokiani. Tulitangulia shambani tukaanza kulaza nyasi. Kila tawi lilipotikisika huko juu njiani, Kilian aliinua uso. Jua likapanda. Tulikuwa tumelaza kona ndogo ya mlima, na hakukuwa na mwanamke hata mmoja wa kuifunika.

"Labda kuna msiba," nikasema.

"Tungesikia kengele."

Mchana alinipakulia samaki wa kumtosha mtu na familia yake. "Kula, mwalimu," akasema. "Wewe ndio umati…" Akacheka kabla hajaimaliza sentensi, lakini safari hii hakuimaliza kabisa.

Sikuweza kuvumilia. Nilikwenda moja kwa moja kwa Bibi Kunigunda, jirani yake wa karibu, aliyekuwa shoga wa mama yake. Nilimkuta uani na Mzee Stephano, ambaye ndiye anayepanga zamu za ngokela upande wetu. Mzee alikuwa akichonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, bibi. Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akajibu bibi. "Umeshiba mbasa?"

"Bibi, mbona hamkuja?"

"Tuje kufanya nini? Kilian ana watu."

"Watu gani?"

Mzee Stephano aliweka panga chini, akatoa simu mfukoni na kuifuta kioo kwa shati. Ilikuwa ile video. Bibi Kunigunda akainyooshea kidole.

"Hili si shamba la marehemu baba yake?"

"Ndilo."

"Ule si mnara wa kanisa letu?"

"Ndio."

"Haya. Hawa ni akina nani? Mimi niliyemwogesha Kilian siku aliyozaliwa sikuitwa. Huyu wa kitenge chekundu kaitwa!"

Nikaelewa. Kwetu, kuwaruka majirani ukaleta wageni kwenye ngokela ni kuwaambia majirani kwamba hawafai hata kukuzika.

"Bibi, hawa watu hawapo duniani. Wametengenezwa na simu."

Mzee Stephano akacheka. "Mwalimu, simu inapiga picha. Haizai."

"Ni akili mnemba, mzee. Unaiandikia tu—"

"Na huyu aliyeanguka? Ameanguka kwa kuandikiwa?"

"Sikiliza wanavyoimba," akadakia bibi. "Kiswahili! Tangu lini ngokela ya Wamatengo ikaimbwa Kiswahili? Hao kawatoa Songea, au kawaleta kutoka kwa shemeji yake huko ziwani. Wamekula, wamechimba, wameondoka. Sasa kimebaki kipande wasichokitaka, ndiyo anatukumbuka sisi."

"Wanaimba Kiswahili kwa sababu programu haijui Kimatengo."

"Si ndivyo ninavyosema? Ni mgeni."

Niliwasihi waje wauone mlima kwa macho yao, nyasi bado zimelala zilivyofyekwa. Bibi Kunigunda akakunja uso. "Nikakague shamba la mtu? Mimi bwana shamba?"

Nilipandisha sauti, nakiri, nikawaambia wanamwacha mtu apoteze urithi wake kwa ajili ya kivuli. Mzee Stephano alinisubiri nimalize. Kisha akaupuliza mpini vumbi la mti.

"Tuseme ni kweli, mwalimu. Tuseme hao watu hawapo. Mwaka jana nilipochimba mimi, Kilian alikuwa wapi? Alikuwa anawatengeneza hao?"

Niliwaaga, nikaondoka.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama niliporudi. Kilian alikuwa akisuuza vikombe vya parokia, vyote, ingawa tulikuwa tumetumia viwili tu. Nikamweleza kila kitu. Alicheka kweli kweli, akaegemea ukuta, kisha kicheko kikamwishia.

"Kwa hiyo wamewaamini," akasema.

"Wamewaamini mno."

"Muda wote huu nilikuwa najiuliza kama wanafanana na watu." Akatikisa kikombe maji yatoke. "Kumbe wanafanana."

Nikamwambia atengeneze video nyingine hapo hapo, aeleze kwamba wale ni wa kutengenezwa, aombe radhi, nami nitamsaidia kuandika. Nilikuwa tayari nimeshaanza kuipanga kichwani. Alinitazama kwa mshangao.

"Majirani ninaowasikia wakikohoa, niwaeleze kwa simu?"

Simu ikalia kwenye dirisha. Akakausha mikono, akaichukua na kunisomea: mtu asiyemjua, wa mji asioujua, anampongeza kwa umoja wa kijiji chake. Aliisoma yote mpaka mwisho, bila dhihaka. Kisha akailaza kifudifudi.

"Kesho ngokela iko kwa nani?" akaniuliza.

"Kwa Mzee Stephano."

Nikamuaga.

Asubuhi nilipita kwa Mzee Stephano kabla ya kwenda shuleni. Ukungu ulikuwa haujainuka bondeni, na watu walishaanza. Wanaume wamejipanga wakilaza nyasi, wanawake nyuma yao, wimbo wa Kimatengo ukitoka juu kushuka chini. Kilian akatokea njiani, jembe begani. Wimbo haukukatika, ila ulipungua sauti.

"Shikamooni," akasema. Wawili watatu wakaitikia.

Akaenda mwisho kabisa wa safu, chini, kwenye mwinamo mkali ambako hapendi mtu kusimama.

"Leo wale wa Songea wamekupa ruhusa?" Bibi Kunigunda akauliza kwa sauti ya kusikika mlima mzima. Watu wakacheka.

"Hawajui kazi, bibi," akajibu Kilian. "Hata jasho hawatoki."

Hakuna aliyecheka. Mzee Stephano, bila kumtazama, aliokota mzigo wa nyasi kavu akautupa karibu na miguu yake. Kilian akainama. Akalaza mstari wa kwanza, akaukatisha kwa wa pili, akaendelea kuteremka, na nyuma yake matundu yakabaki wazi, nyasi tupu, maana kila mwanamke alikuwa akifunika za mwanaume mwingine. Alifika ukingoni, akageuka, akaanza safu nyingine. Hakuinua uso kuangalia kama kuna anayekuja.

Bibi Kunigunda alimaliza tundu lake. Akanyoosha kiuno, akasimama pale kwa muda, jembe mkononi, akizitazama zile nyasi zisizo na udongo. Kisha akafunga kanga vizuri, akashuka polepole, akaingia kwenye tundu la kwanza la Kilian, akampa mgongo, akachimba.