Bakuli Nusu la Mbegu

Sisi tuliokulia Katindiuka kabla ya simu za kupapasa tunaujua mwezi wa kusubiri mvua. Mchana mihogo kwa mlenda, jioni mlenda kwa mihogo. Mpunga uliobaki nyumbani ulikuwa wa mbegu, na mbegu haikuliwa. Yetu ilikaa kwenye kilindo, chombo cha magome ya mti, juu ya dari ya jikoni, ikinuka moshi.

Baba alikuwa mkarimu kupita kiasi. Kanisani walimsifu, mama alizisikiliza sifa hizo bila kuinua macho. Kila aliyepiga hodi aliondoka na bakuli. Mchotaji nilikuwa mimi, kwa hiyo nilijua mbegu inavyopungua: mwanzoni nilizamisha kiganja tu, kisha kiwiko, mwishowe bega.

Siku mawingu yalipofunga milima ya Mang'ula, alikuja mama mmoja wa Michenga, mtoto mgongoni. Mafuriko ya msimu uliopita yalikuwa yamemsombea mpunga wote.

"Imelda, panda," baba akaniambia. "Mpe yote iliyobaki. Ana watoto huyu."

"Na hawa wako wamekuja kukusalimia tu?" mama akauliza.

"Mungu atatupa, mama Imelda."

"Ameshatupa. Iko humo kilindoni."

Wote wakanitazama juu. Ngurumo ikapita. Nilikuwa na miaka tisa, mkono ndani ya kilindo.

"Baba, panya wamemaliza."

Sikuwahi kumdanganya kabla ya siku ile. Yule mama alishukuru, akaondoka na kikapu kitupu. Baba aliinamisha kichwa. Nilitegemea mama afurahi, lakini uso wake ulikuwa mkavu.

"Shuka na bakuli nusu. Mkimbilie."

Nilimkuta njiani. Akakinga kanga, akaitazama mbegu, akanitazama mimi.

"Panya wenu wana huruma," akasema.

Iliyobaki tukaipanda. Tulikula mwaka ule, ila mpunga wa kuuza haukubaki, na sare ya shule haikupatikana. Nikaacha masomo, nikaanza kuzunguka bonde hili nikitafuta vibarua, na sijatulia hadi leo.

Siku hizi mbegu ni za paketi, na mgeni hupiga simu kwanza, akaelekezwa hotelini. Wengine hugawa misaada mbele ya kamera wakati mama zao wanakopa unga. Na mpiga hodi sasa ni mimi. Nikiletewa bakuli lililofurika, naomba lipunguzwe nusu. Vijana hucheka, wanadhani shangazi anatafuta umbo. Mimi huwa natazama juu, darini kwao.